Zamu ya Hospitali

Niliacha shule kidato cha pili, mwezi wa tano, lakini miaka kumi na minne baadaye nilikuwa mjumbe wa umoja wa waliomaliza shule hiyo hiyo. Ilikuwa shule ya misheni ya wavulana, huko nyanda za juu kusini, shule ya baridi na maharage. Waliomaliza walitawanyika kila mahali, na kumi na mmoja kati yao walijikuta Guangzhou, wakinunua nguo, viatu na simu za kupeleka Kariakoo, Mbeya na Mwanza. Hao kumi na mmoja ndio walioanzisha tawi. Mimi walinipokea nikawa wa kumi na mbili, kwa sababu nilijua Kichina na wao hawakukijua.

Sikukisomea popote. Niliingia mji ule kwa viza ya mwezi mmoja nikitokea Bangkok, na kabla ya Bangkok Mumbai, na kabla ya Mumbai Dubai, kila mahali nikisema nitakaa wiki mbili nione. Nina tabia moja: nikiona maandishi nisiyoyaelewa nakosa raha mpaka mtu aniambie yanasema nini. Nilikaa kwenye ngazi za majengo ya jumla ya Guangyuan Xilu nikiwauliza wapagazi hiki kinaitwaje na kile kinaitwaje. Walinicheka wakanifundisha. Mwaka wa tatu niliweza kugombana na mwenye nyumba wangu bila kutafuta neno. Viza ilikuwa imekufa zamani, na mtaa ninaoufahamu zaidi mpaka leo ni ule ambao polisi hawakupenda kupita.

Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa Njombe, mrefu, mpole, aliyenunua vifaa vya shule mtaa wa Yide Lu. Shuleni tulikuwa na ubao wa zamu, na yeye alitundika wa namna hiyo katika stoo yake: zamu ya kutembelea mahabusu, zamu ya kusindikiza wagonjwa uwanja wa ndege, zamu ya kufagia, zamu ya hospitali. Kila Jumamosi asubuhi tulifagia kichochoro cha nyuma ya stoo, watu wazima wenye mashati ya kunyooshwa, mifagio mikononi. Mara ya kwanza bibi mmoja wa Kichina alisimama akatutazama muda mrefu, kisha akaniuliza mahakama imetupa adhabu hiyo kwa kosa gani.

Nilimtafsiria mwenyekiti.

"Mwambie tulisoma misheni," akasema, akaendelea kufagia.

Mimi sikuhamishwa kamwe kutoka zamu ya hospitali, kwa sababu ya mdomo wangu. Mwenzangu wa zamu alikuwa katibu, mzaliwa wa Ifakara, mtu aliyeandika hata mazungumzo ya kawaida kana kwamba ni kikao. Tulipeleka uji, tulikaa na watu, na mimi nilisimama kati ya daktari na mgonjwa nikibeba maneno huku na huku. Niliifanya kazi ile kwa majivuno. Watu wa shule ile ile walionifukuza darasani kwa macho yao, sasa walikaa kimya wakisubiri nifungue kinywa. Nilijiwekea sharti kwamba hakuna neno litakalodondoka njiani: mgonjwa akitukana, natafsiri tusi, daktari akiguna, nasema ameguna.

Mama wa Bukavu aliletwa hospitali na mpagazi wa Shahe. Alikuwa Mkongo, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini hivi, mnunuzi wa nguo za watoto, na soko zima la Shahe lilimjua kwa sauti. Alikuwa na miezi kumi na minne pale bila kurudi kwao. Mimi alikuwa akiniita premier de la classe, wa kwanza darasani, kwa sababu nilimwambia siku moja kwamba nilikimbia shule. "Weye mwenye kukimbia masomo, kuya hapa, uniambie huyu laoban anasema nini." Wauza nguo wote kwetu sisi walikuwa laoban, bosi, hata wale waliokula chakula chao wamesimama. Siku hiyo alikuwa akichagua magauni, akaanguka. Mpagazi alimlaza juu ya bale lake mwenyewe la nguo kwenye mkokoteni, akamsukuma hadi mlango wa dharura, na bale likaingia naye ndani, maana hakuna aliyejua walitenganishe naye vipi. Lilikuwa limelowa damu.

Daktari alikuwa kijana mwenye miwani, msemaji wa polepole. Alinieleza kwamba kuna uvimbe kwenye kizazi, umetoa damu kwa miezi, na sasa damu iliyobaki mwilini haimtoshi hata kulala, sembuse kupasuliwa. Nilimtafsiria.

"Miezi tatu," akasema mama wa Bukavu. "Nilikuwa nangojea kontena ijae, ndiyo niende nyumbani kujitibisha."

"Kwa nini hukumwambia mtu?"

"Nikuambie weye?"

Damu yake ilikuwa A hasi. Daktari alinichorea kwenye karatasi. Herufi si tatizo, alisema, A au O zote zinamfaa, tatizo ni ile alama ya kutoa inayofuata herufi. Kwa Wachina damu hasi ni adimu kiasi kwamba wanaiita kwa jina la yule dubu wao mweusi na mweupe wa milimani. Benki ya damu ilikuwa na mifuko miwili tu, tena imegandishwa. Na chanya haikuwezekana kumpa, kwa sababu alikuwa amezaa watoto watatu na kuongezewa damu zamani kwao, na mwili wake ulikwisha kujifunza kuikataa. Daktari alihitaji mifuko miwili zaidi ndipo afungue tumbo. Wao wanapima mifuko midogo, mtu mzima mmoja angeweza kutoa yote miwili.

"Ana muda gani?" nikauliza.

"Siku mbili. Labda tatu."

Hilo sikulitafsiri, na yeye hakuniuliza. Alinitazama usoni, akageukia dirisha.

Tulikutana stoo kwa mwenyekiti mchana ule, tukakaa juu ya maboksi ya kalamu. Mjumbe mmoja aliuliza kama mama huyu anatuhusu, maana si mwenzetu wa shule, si Mtanzania, na ni mwanamke. Aliuliza kwa heshima. Katibu alifungua katiba yetu akasoma kifungu cha walengwa, kisha akaifunga.

"Kifungu kinasema wajumbe na familia zao," akasema. "Lakini mimi ni O hasi. Nilipimwa nilipoingia kidato cha tano, nina karatasi. Sasa nikae nayo mfukoni?"

Mwenyekiti alishika kipande cha chaki akaandika kwenye ubao, chini ya zamu ya hospitali: damu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa tawi letu, na niliona jinsi walivyojinyoosha migongo, kama watu wanaopigwa picha.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda na katibu kituo cha damu. Alivaa tai. Alikuwa na pasi yake, viza yake hai, karatasi yake ya shule ndani ya plastiki. Nesi wa makamo alimpima kwa tone la kidole, akarudi anatabasamu, akamwonyesha mwenzake. Kisha akachukua fomu akaanza kuuliza, na mimi nikatafsiri. Dawa? Hapana. Upasuaji? Hapana. Katika miaka mitatu iliyopita, malaria?

Katibu akacheka. "Malaria? Mwambie mimi mtu wa Ifakara. Mara ya mwisho ni mwezi wa tatu, nilinunua vidonge duka la dawa, siku tatu nikawa mzima kabisa."

Nilitafsiri yote. Niliweka Ifakara, niliweka duka la dawa, niliweka na siku tatu. Nesi akaweka kalamu chini. Akaandika kitu kwenye kompyuta, akapiga fomu muhuri mwekundu.

"Anasemaje?" akauliza katibu, mkono wa shati umeshakunjwa.

"Anasema haiwezekani. Aliyeumwa malaria hatoi damu mpaka ipite miaka mitatu."

"Lakini nani alisema ilikuwa malaria? Nilipata homa, nikanywa dawa. Sikupimwa. Mwambie sikupimwa."

Nilimwambia. Nesi alinisikiliza vizuri, akajibu kwamba yeye hakumwita mtu yeyote mgonjwa, ni mtu mwenyewe aliyesema, na kilichoingia kwenye mashine hakitoki.

Tulisimama nje kwenye jua. Kwetu homa ikiingia mtu hababaiki wala hashangai, anatuma mtoto dukani akamletee vidonge, anameza, anakwenda kazini. Ukimuuliza mwaka mmoja baadaye atakwambia nilikuwa na malaria, kama anavyokwambia nilinyeshewa. Katibu hajawahi kupimwa malaria maishani mwake. Lakini alikuwa ameulizwa swali kwenye fomu, na yeye fomu aliziheshimu, akatafuta ndani yake jibu lililo kamili kabisa. Nami nikalipeleka kamili.

"Wewe kwa nini ulitafsiri yote yale?" akaniuliza, akivua tai.

"Uliniambia nimwambie."

"Niliongea tu."

Wajumbe wengine walipimwa mmoja mmoja, wote chanya. Mimi pia nilipimwa hospitali, B chanya, haikuwa na kazi. Mama wa Bukavu alikuwa amebadilika rangi, midomo imekuwa ya kijivu. Kwa kuwa sisi wanaume hatukuweza kumwogesha, dada mmoja wa Kichina aliyekuwa akimuuguza mama mkwe wake kitanda cha pili alimfanyia, bila kuombwa.

"Wamepata?" akaniuliza mama wa Bukavu.

"Bado."

"Bado ni neno ya serikali." Alifumba macho. "Niambie kama hapana. Non, ni non."

"Siyo hapana. Ni bado."

Tulikwenda Guangyuan Xilu, watu saba, tukagawana majengo. Nilipanda ghorofa moja baada ya nyingine nikimsimamisha kila Mwafrika, Mkongo, Mkenya, Mtanzania, nikimuuliza kundi lake la damu. Nyuma yangu wapagazi walikuwa wakipiga kelele nipishe njia, marobota yanashuka ngazi kwa kuburuzwa. Hakuna aliyejua kundi lake. Mkenya mmoja aliyekuwa anapima suruali kwa kuishika kiunoni alinitazama juu mpaka chini.

"Buda, siku hizi mnabuy damu? Ni jumla ama rejareja?"

Wenzake wakacheka. Nilipoeleza habari yenyewe waliacha kucheka, wakataja mtu huyu na yule, lakini hakuna aliyekuwa na uhakika, na uhakika ndio tuliouhitaji. Mwanamke mmoja wa Arusha alishika mkono wangu akasema tumpime hapo hapo. Tulimpeleka. Chanya.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, nilimkuta mzee mmoja ghorofa ya nne, upande wa mikanda na viatu. Alikuwa mwenzetu wa shule, wa zamani kuliko wote, mtu wa Tabora, mwanajeshi mstaafu, ambaye hakuwa mjumbe wa tawi, alikuja mji ule mara moja kwa mwaka kununua mali, akaingia kikaoni akasinzia. Alikuwa amekaa juu ya robota lake anamenya yai la kuchemsha.

"Shikamoo, kaka mkubwa."

"Marahaba, dogo. Mbona unahema?"

Nilimweleza. Aliweka yai juu ya karatasi, akaingiza mkono kifuani akatoa kibati cha jeshi kilichoning'inia kwenye mnyororo, ambacho alitakiwa kukirudisha siku aliyostaafu. Kilichongwa namba yake na kundi lake. A hasi. Nilikishika mkononi, kilikuwa na joto la mwili wake.

"Sasa tunangoja nini?" akasema. "Nishikie hili yai."

Tulimpitia katibu, tukapanda basi watatu. Mzee alikaa dirishani akinisimulia bei za mikanda. Mimi nilikuwa na swali kooni, na niliogopa kuliuliza, nikaliuliza.

"Kaka mkubwa, malaria uliumwa lini mara ya mwisho?"

"Wiki ya kuondoka nyumbani. Vidonge vya mwisho nilimezea uwanja wa ndege."

"Ulipimwa?"

"Nilipimwa, hospitali ya jeshi. Wadudu wawili." Alinyoosha vidole viwili. "Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Alikuwa na wiki tano tangu aondoke. Katibu alikuwa amekaa kiti cha mbele yetu na sikujua kama amesikia. Njia nzima nilijiambia kwamba amemeza dozi, dozi ni dozi, amepona. Nilijiambia pia kwamba mama yule atakufa kesho. Yote mawili nilikuwa na hakika nayo kwa kiasi kile kile, yaani moja nilitaka liwe kweli na jingine sikulitaka, na hakika yangu haikuwa na kipimo zaidi ya hapo.

Kituo cha damu dirisha lilikuwa jingine, nesi mwingine, msichana. Alipofika kwenye swali lile nililitafsiri kama lilivyo, sijui kwa nini, nadhani nilitaka mzee mwenyewe aniokoe.

"Ndiyo," akasema mzee, kwa sauti ya gwaride. "Wiki tano zilizopita."

Nesi alinitazama.

"Meiyou," nikasema.

Ni neno la kwanza analojifunza kila mfanyabiashara wa Kiafrika katika mji ule, kabla ya salamu. Unauliza saizi, meiyou. Unauliza rangi nyekundu, meiyou. Hakuna, hana, haipo. Mzee alikuwa ameinama anakunja mkono wa shati, hakusikiliza, lakini katibu, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, alilisikia neno lile mara hamsini kwa siku. Sikugeuka. Nilisikia viatu vyake vikisogea, kisha vikatulia. Nesi aliweka alama kwenye fomu.

Damu ilifika hospitali kesho yake mchana, baada ya vipimo vyao, ambavyo malaria haikuwamo. Mama wa Bukavu alipasuliwa jioni hiyo. Walitoa uvimbe na kizazi chote. Aliishi.

Mwenyekiti alifika na wajumbe wote, wakasali kwenye korido kwa sauti ya chini. Mzee wa Tabora alipewa mkono na kila mtu, akaniuliza mimi lile yai lake liko wapi. Kwenye ubao wa stoo, mbele ya neno damu, mwenyekiti aliandika jina la mzee kwa herufi kubwa. Watu walianza kusema tupange siku maalumu, tutoe damu kila mwaka, hata kwa Wachina, tujulikane kwa jambo jema. Mimi nilikaa kwenye boksi langu nikiwasikiliza. Katibu aliandika muhtasari wa kikao, na hakunitazama hata mara moja.

Nilianza kuhesabu siku. Nilikwenda hospitali kila siku, hata zisizo za zamu yangu, nikamgusa mama wa Bukavu paji la uso kabla ya kumsalimu.

"Unanipapasa sawa vile nyanya mu soko," alisema. Sauti yake ilikuwa inarudi. Alikuwa ameanza kuuliza habari za bale lake.

Siku ya kumi na mbili nilimkuta anatetemeka chini ya blanketi mbili, meno yanagongana. Daktari alikagua kidonda, akasema kuna uwekundu kidogo, ni vidudu vya kwenye kidonda, akabadilisha dawa. Baada ya saa chache homa ilishuka, akaloa jasho, akaomba maji. Kesho yake alasiri ikarudi, na kesho kutwa alasiri ikarudi tena, na kila ikiondoka iliondoka na kipande chake. Macho yalikuwa ya njano. Alinishika kidole.

"Hii naijua. Hii ni ya kwetu. Ambia docteur ni malaria."

Nilimwambia daktari. Hilo nalo nilitafsiri kama lilivyo. Daktari alivua miwani akaifuta.

"Hapa mjini hakuna malaria," akasema. "Na yeye ana mwaka na zaidi hajatoka. Ataipata wapi?"

Alikuwa anauliza kweli, anataka kujua. Nilifungua mdomo, nikasema nitamuuliza mgonjwa, nikatoka kwenye korido.

Katibu alikuwa amekaa kwenye benchi na chupa ya uji. Nilikaa karibu naye.

"Nilisikia," akasema.

"Najua."

"Nimekaa nalo siku kumi na nne. Nimejiuliza ningekuwa mimi ningefanya nini. Ukweli wangu mimi ulikaribia kumuua, uongo wako ukampa siku. Sasa sijui." Aliisogeza chupa ya uji kutoka goti hili kwenda lile. "Ukisema, watakuomba pasi."

"Wataomba."

"Na mzee jina lake litachafuka. Na sisi wote. Hawatagusa tena damu ya mtu wetu."

"Unataka nisiseme?"

Ndani tulimsikia mama wa Bukavu anaita watoto wake, mmoja mmoja, kwa utaratibu, kama mwalimu anayeita majina asubuhi.

"Nenda," akasema. "Mimi nitakuja nyuma yako."

Daktari alikuwa anaandika. Nilimwambia wazi, kwa Kichina changu cha ngazini: yule mtoa damu alisema ndiyo, mimi nikasema hapana. Alikuwa na malaria wiki tano kabla. Aliniambia kwenye basi. Nilijua.

Kalamu yake ilisimama. Nilisubiri aseme neno, na nadhani ningefarijika kama angenipiga. Aliinuka akapita kati yangu na katibu karibu anakimbia, akaita maabara, akachukua kioo cha kupimia damu akatoboa kidole cha mgonjwa yeye mwenyewe. Baada ya saa moja alirudi. Wadudu walikuwepo, wengi.

Dawa ndiyo haikuwepo. Duka la hospitali halikuwa nayo, hawakuwa na sababu ya kuiweka. Alianza kupiga simu hospitali nyingine, na wakati anapiga katibu alimpigia mwenyekiti, na mwenyekiti akaja kwa teksi na pakiti mbili kutoka kwenye sanduku lake, kwa maana hakuna mtu wa kwetu anayesafiri bila dawa ya malaria. Daktari aligeuza pakiti, akakuta imetengenezwa China. Alisoma karatasi ya ndani mbele na nyuma, kisha akatazama nje ya dirisha kidogo. Alisubiri mkubwa wake akubali, akampa kidonge cha kwanza.

Kwa siku mbili hatukujua. Alasiri ya tatu homa haikuja.

Pasi daktari hakuiomba. Aliniambia tu kwamba imemlazimu kuandika taarifa kituo cha damu, na kwamba ameandika "mkalimani" bila jina, kwa sababu jina langu hakuwahi kuliuliza. Nilimuuliza kama ni damu ya mzee iliyomletea mgonjwa malaria. Alisema inawezekana, na inawezekana pia alikuja nayo mwilini mwake kutoka kwao, zipo aina zinazolala muda mrefu, na upasuaji ukaiamsha. Kioo kile kilivunjika kabla hakijaangaliwa aina. Hatutajua, alisema.

Kituo kiliandika barua, mwenyekiti akaniomba niisome. Watu kutoka nchi zetu wasije tena. Mwenyekiti alichukua kitambaa akafuta jina la mzee na neno damu, ukabaki weupe. Mzee wa Tabora hakufika kikaoni. Alituma ujumbe kwamba alijibu ndiyo, wenzake wathibitishe kwamba alijibu ndiyo.

Mama wa Bukavu alipoweza kukaa nilimwambia mwenyewe. Sikutaka alisikie Shahe. Alinisikiliza akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Basi ulinipatia damu na magonjwa yake mu mufuko moja."

"Labda. Daktari anasema labda."

"Na bila ile damu?"

"Ungekufa."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Alikunywa maji polepole mpaka yakaisha.

"Na mimi ile siku nilikuwa macho," akasema. "Kinywa ilikuwa yangu. Ungeniuliza. Ungesema, mama, iko damu, lakini iko namna hii, unapenda ama unakataa? Ningesema napenda. Ningekunywa hata sumu, niko na batoto tatu. Lakini haukuniuliza." Aliweka kikombe. "Usinitafsirie tena."

Nilidhani ni hasira ya siku moja. Alikaa pale siku tisa zaidi, na siku zote tisa alizungumza na daktari kwa mikono na kwa maneno kumi ya Kichina aliyookota sokoni, mengi yakiwa ya bei. Nilikuwa nakwenda na uji, nasimama mlangoni. Daktari anauliza kama amepata choo, yeye anamwonyesha kidonda. Daktari anauliza kama kinauma, yeye anasema meiyou, na uso wake unaonyesha kinauma sana. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu. Nilimpa katibu chupa ya uji aingie nayo, nami nikabaki nje.